Ndege Waimbaji na Kurudi kwa Sauti Baada ya Neva Kuumia

Hotuba ya Siku ya Sauti Duniani, 16 Aprili, iliyotolewa mbele ya walimu, wanakwaya, wauguzi, wagonjwa na jamaa zao

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wanakwaya, wauguzi, madaktari, na ninyi mliokuja kwa sababu sauti zenu wenyewe au za jamaa zenu zimepata hitilafu, karibuni sana.

Siku tunayoiadhimisha leo ilianzia Brazili mwaka 1999, wataalamu wa sauti wa huko walipotenga siku ya kuwakumbusha watu kwamba sauti nayo huugua na hutibiwa. Baadaye ikaenea nchi nyingine. Nimeombwa niseme juu ya kurudi kwa sauti baada ya neva kuumia, na nitaisema habari hiyo kwa kupitia kwa ndege. Nawaomba mnivumilie mwanzoni. Sababu yake itaonekana.

Mimi natibu sauti za watu. Swali ninaloulizwa kuliko maswali yote ni moja: "Sauti yangu itarudi?" Kwa muda mrefu jibu letu lilikuwa, "Tusubiri neva ipone." Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu tu. Nusu iliyobaki imetokana kwa kiasi kikubwa na viumbe wasiofikia hata gramu 20 kwa uzito, na nataka kila mgonjwa aliyeko hapa aondoke akiwa nayo.

Tuanze kooni. Weka kidole kwenye kile kitu kigumu kinachopanda na kushuka ukimeza mate. Hilo ni zoloto, na ndani yake mna nyuzi mbili za sauti. Ukivuta pumzi zinaachana, hewa inapita. Ukitaka kusema zinakutana, na hewa inayotoka mapafuni inazitikisa: kwa mwanamume mara 100 na kitu kwa sekunde, kwa mwanamke kama mara 200. Kuachana na kukutana huko ni kazi ya misuli midogo sana, na misuli hiyo haifanyi lolote bila amri ya ubongo. Amri inapita kwenye neva.

Njia ya neva hiyo ndiyo inayoleta balaa. Mtu angetarajia itoke kichwani iende moja kwa moja kwenye zoloto, hapo hapo shingoni. Haiendi hivyo. Ni tawi la neva ya kumi ya kichwa, na inashuka hadi kifuani. Ile ya kushoto inazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Ya kulia inazunguka chini ya mshipa uendao mkono wa kulia. Ndipo zinapanda tena, zikipita nyuma ya tezi ya shingo, mpaka kwenye zoloto. Kwa sababu hiyo wataalamu wanaiita neva inayorudi. Kwa twiga, neva hiyo hiyo inashuka shingo nzima na kuipanda upya, safari ya zaidi ya mita 4, ili ifikie misuli ambayo haiko mbali na mahali ilipoanzia.

Kwa safari ndefu namna hiyo, inakutana na kila hatari ya shingo na kifua. Uvimbe kwenye pafu la kushoto unaweza kuibana. Mshipa mkuu wa damu ukitanuka unaweza kuivuta. Mpira wa kupumulia unaoingizwa kooni wakati wa upasuaji unaweza kuidhoofisha, na virusi pia. Lakini sababu ambayo wengi wenu mmeisikia ni upasuaji wa goita, au rovu kama wazee wanavyoiita. Iringa, Mbeya, Rukwa, Kigoma, zote zilifahamika kwa goita kabla chumvi yenye madini joto haijasambaa, na bado wapo watu wazima wenye uvimbe mkubwa unaohitaji kisu. Neva yenyewe ni nyembamba na imejilaza nyuma ya tezi inayotolewa. Daktari mwangalifu kabisa anaweza kuivuta kidogo tu, asiikate, nayo ikakaa miezi bila kufanya kazi.

Niwaonyeshe inavyokuwa. Anaingia mwalimu wa shule ya msingi, kashikilia kitambaa shingoni kuficha kovu. Namwomba ahesabu kwa pumzi moja. Moja, mbili, tatu, nne, na kwenye tano hewa imekwisha. Namwomba avute "aaa" mpaka atakapochoka. Mtu mzima mwenye koo zima huifikisha sekunde 15, wengine 25. Yeye hafiki sita. Kinachotoka ni pumzi nyingi na sauti kidogo, na mishipa ya shingo imemtutumka kwa juhudi. Nikimpa maji ya kunywa, anapaliwa. Nikipitisha kamera nyembamba puani, naona uzi mmoja wa sauti unakuja katikati kama kawaida, ukifika haumkuti mwenzake; yule wa pili amelala pembeni, hasogei, na kati yao pamebaki mwanya unaovujisha hewa. Ndugu aliyemsindikiza anasema mwalimu amekuwa mkimya siku hizi, hata salamu anaitikia kwa kichwa. Wanafunzi wa nyuma hawamsikii. Amepewa kazi za ofisini. Kwa mtu ambaye sauti ndiyo kazi yake, hilo ni pigo kubwa, na naomba tusilidogoshe kwa kumwambia ashukuru Mungu uvimbe umetoka.

Kwamba sauti inategemea neva hiyo, tumejua kwa takriban miaka 1,800. Galen, tabibu Mgiriki wa Pergamo aliyefanya kazi Roma, alikuwa akichunguza neva za kupumua kwenye nguruwe hai, na nguruwe alikuwa akipiga mayowe. Neva zile zilipokatwa, nguruwe aliendelea kufurukuta lakini mayowe yakakoma. Ni ugunduzi mkubwa, na ulipatikana kwa ukatili ambao leo hakuna kamati ya maadili ingeuruhusu. Hata hivyo nguruwe hakuweza kutuonyesha zaidi ya hapo, kwa kuwa mlio wake ni wa kuzaliwa nao. Jogoo aliyeanguliwa kwenye mashine, asiyewahi kumsikia jogoo mwingine, siku yake ikifika atawika. Mtoto wa binadamu hawezi hivyo. Lazima asikie, ajaribu, akosee, ajisikie mwenyewe, ajirekebishe. Sauti yetu ya kusema na kuimba imejengwa kwa kujifunza, na kitu kilichojengwa kwa kujifunza kikivunjika hakirudi kwa njia ileile ya kitu cha kuzaliwa nacho.

Basi watafiti walihitaji mnyama anayejifunza sauti. Si wengi. Wapo nyangumi na pomboo, baadhi ya popo, sili, na tembo. Pale Tsavo, nchini Kenya, mwaka 2005 iliripotiwa habari ya tembo jike yatima wa miaka 10, jina lake Mlaika, aliyeiga mngurumo wa malori yanayopita barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, kilomita 3 kutoka zizi lake la usiku. Habari hiyo hunifurahisha kila ninapoikumbuka. Lakini tembo haingii maabara. Waliobaki ni ndege: kasuku, wale ndege wadogo wa Amerika wanaonyonya maua wakiwa hewani, na kundi kubwa kuliko yote, ndege waimbaji, ambao ni karibu nusu ya aina zote za ndege duniani. Chiriku yumo, chozi yumo, mnana anayeshona viota yumo, hata kunguru kwa nasaba yumo.

Anayetumika zaidi maabara anatoka Australia. Ni finchi milia, ndege wa gramu 12 hadi 15, mdomo mwekundu, na dume ana mashavu ya rangi ya chungwa na mistari myeusi na myeupe kifuani. Dume ndiye anayeimba. Akiwa mchanga anamsikiliza baba yake, halafu anaanza kubwabwaja, sauti zisizo na mpango, na baada ya wiki kadhaa zinaanza kufanana na za baba. Akifika siku kama 90 wimbo umeganda: haubadiliki tena. Wimbo wenyewe haufiki hata sekunde moja na kitu. Una silabi chache zenye mpangilio uleule, na anaurudia mamia ya mara kwa siku.

Hapo ndipo faida ya utafiti ilipo. Ndege anawekwa kwenye kisanduku kisichopitisha kelele za nje, kinasa sauti kimewekwa juu yake, na kompyuta inachora kila anachoimba: muda unakwenda kutoka kushoto hadi kulia, na sauti nyembamba zinachorwa juu, nene chini. Silabi moja inaonekana kuwa mistari iliyopangana safi, nyingine mchirizi unaoshuka, nyingine doa la ghafla. Picha ya leo na ya mwezi ujao zinawekana moja juu ya nyingine bila kupishana. Kwa hiyo kitu kikiharibika, mtafiti anajua kimeharibika nini, siku gani, kwenye silabi ipi. Mimi kwa mgonjwa wangu sina bahati hiyo. Hakuna aliyemrekodi kabla ya upasuaji. Ninalolinganisha nalo ni kumbukumbu ya mke wake.

Ndege haimbi kwa zoloto. Chombo chake kinaitwa sirinksi, na kipo chini zaidi, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili. Kwa sababu ya mgawanyiko huo ana vyanzo viwili vya sauti, kushoto na kulia, kila kimoja kikiwa na misuli yake na neva yake. Ndege wengine hutoa sauti mbili kwa wakati mmoja.

Mwaka 1971 Fernando Nottebohm, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa chuo kikuu cha Rockefeller, New York, alichapisha matokeo ambayo bado tunayatumia. Alikata neva ya sirinksi ya upande mmoja kwa ndege wa Ulaya aitwaye chafinchi. Ikikatwa ya kulia, wimbo unabaki karibu mzima. Ikikatwa ya kushoto kwa ndege mkubwa, silabi nyingi zinapotea, mahali pake panabaki mapengo au mikwaruzo. Lakini kwa ndege mchanga ambaye wimbo wake haujaganda, upande wa kulia ulishika kazi, naye akakua akiimba vizuri. Mwaka 1979 yeye na wenzake wakaripoti kuhusu kanari: neva ya kushoto ikiondolewa, uongozi wa wimbo unaweza kuhamia kulia. Kanari wana sifa ya kubadilisha nyimbo msimu hadi msimu, na Nottebohm huyo huyo alikuja kuonyesha, miaka ya 1980, kwamba eneo la ubongo wao linaloongoza wimbo hupanuka na kunywea kwa majira, na kwamba seli mpya za ubongo huzaliwa kwa ndege mkubwa. Wakati huo vitabu vilifundisha kwamba ubongo wa mtu mzima hauongezi seli hata moja. Kichocheo cha kuutazama upya ubongo wa mtu mzima kilitoka kwa kanari.

Sasa nije kwenye jambo lililobadilisha kazi yangu. Neva ikikatwa au kubanwa, huota tena. Neva za nje ya ubongo na uti wa mgongo zina uwezo huo, kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa siku. Ndiyo maana tunaambiana kusubiri miezi 6, hata 12. Lakini neva hii moja imebeba nyuzi za amri mbili zinazopingana: kufunga na kufungua. Zikiota, hazirudi zote kwenye misuli yake. Ni sawa na fundi umeme aliyeunganisha upya waya za nyumba iliyoungua bila kuzipambanua: unawasha swichi ya jikoni, inawaka taa ya sebuleni. Umeme upo, kipimo kinaonyesha upo, lakini nyumba haikaliki. Kwa mgonjwa, neva imepona, misuli imepata uhai, na uzi wa sauti bado hausogei kwa sababu misuli ya kufunga na ya kufungua inavutana kwa wakati mmoja. Nimewaona wagonjwa walioambiwa "neva imerudi" wakaondoka kliniki bila sauti. Wala hakuwadanganya mtu. Kilichorudi ni neva.

Kwa hiyo swali linahamia kwenye ubongo. Unapoagiza sauti moja ikatoka nyingine, unafanya nini?

Heather Williams na mwenzake, huko Marekani, walilijibu kwa finchi milia mwaka 1992. Waliumiza neva ya sirinksi. Ubongo haukuguswa. Mtu angetazamia wimbo uharibike siku ile ile, basi, ubaki umeharibika hivyo hivyo. Kilichotokea ni kwamba kwa wiki zilizofuata mpangilio wenyewe wa wimbo ulianza kubadilika. Ndege waliacha silabi nzima ambazo zamani hawakuziacha. Maagizo ndiyo yaliyokuwa yakibadilika, huko juu. Jeraha la neva lilikuwa limepanda hadi kwenye ubongo. Baadaye Carolyn Pytte na wenzake, Queens College, New York, wakaonyesha kwamba kuondoa kipande cha neva ya upande mmoja kunabadilisha hata uzalishaji wa seli mpya katika baadhi ya maeneo ya ubongo yanayohusika na wimbo.

Kisha lipo jaribio la mwaka 1999, la Williams tena, ambalo naliona ni zuri kuliko yote. Ubongo wa mbele wa ndege una kiini kidogo kinachoitwa LMAN. Tangu 1984 Sarah Bottjer na wenzake walishaonyesha kwamba kiini hicho kikiharibiwa kwa ndege mchanga, hajifunzi wimbo. Kikiharibiwa kwa ndege mkubwa, anaendelea kuimba wimbo wake bila tatizo. Ilionekana basi kwamba ni kifaa cha utotoni. Williams aliwachukua ndege wakubwa, akaondoa kiini hicho, kisha akaumiza neva. Silabi hazikuachwa. Mpangilio ulibaki vile vile, umeng'ang'ania, ingawa sauti inayotoka imeharibika. Mwaka uliofuata, San Francisco, Michael Brainard na Allison Doupe wakaona jambo hilo hilo kwa ndege waliopoteza usikivu: kwa kawaida wimbo wao huoza taratibu kwa wiki na miezi, lakini bila LMAN hauozi.

Tafakarini. Mahali palepale panapomwezesha kifaranga kubwabwaja mpaka ajue kuimba, ndipo panapolegeza wimbo wa ndege mkubwa anapopata jeraha. Kulegea huko kwa nje kunaonekana ni kuharibika. Lakini asiyeweza kulegeza hawezi pia kujifunza upya. Mgonjwa wangu wa wiki ya tatu ambaye sauti yake leo inakwaruza, kesho inapasuka, keshokutwa inatoka nyembamba ajabu, zamani ningemwambia apumzike. Siku hizi nasikiliza kwa makini, kwa sababu huenda ndani ya zile sauti za ovyo imo moja inayofaa, na kazi yangu ni kumwambia, "Hiyo hiyo! Irudie." Hili nasema kwa uzoefu wa kliniki nikisaidiwa na ndege, majaribio kwa watu bado yanahitajika.

Atajirekebishaje? Kwa sikio. Mwaka 2009 Samuel Sober na Brainard walitengeneza vipokea sauti vidogo vya kuvaa kichwani, vya kumtosha finchi wa Bengali, ndege wa kufugwa ambaye asili ya ufugaji wake ni Japani. Ndege akiimba, kompyuta inaipandisha sauti yake kidogo kabla haijafika masikioni. Anajisikia yuko juu kuliko alivyokusudia. Kwa siku kadhaa akaanza kuishusha sauti yake, taratibu, mpaka akapunguza tofauti. Ikishushwa, naye anapandisha. Vifaa vikivuliwa, anarudi alikokuwa. Kumbe ule wimbo tuliosema umeganda unalindwa kila siku na sikio.

Miaka mitatu baadaye waliongeza neno ambalo walimu wa kwaya watalipenda. Kosa likiwa dogo, ndege hulirekebisha karibu lote. Kosa likiwa kubwa, hulirekebisha kwa sehemu ndogo tu, maana haliingii ndani ya sauti alizozoea kutoa. Nikamfikiria yule mwalimu wangu aliyejaribu siku ya kwanza kuimba wimbo mzima wa jumuiya kwa sauti yake ya zamani, akakata tamaa. Sasa tunaanza na sauti iliyo jirani na ile aliyo nayo: mvumo wa "mmm" midomo imefungwa, kichwa kimegeuzwa kidogo upande mmoja ili nyuzi zikaribiane, na anajisikiliza kwenye rekodi ya simu yake pale pale. Akiipata, tunasogea hatua moja. Kichwa kinarudi katikati. Kisha silabi: ma, me, mi. Kisha majina ya watoto wake. Wengi huguswa sana pale jina la kwanza linapotoka likasikika.

Na misuli? Hapa nitakuwa mfupi, ingawa wauguzi naomba mlishike hili. Mwaka 2023 Iris Adam, Coen Elemans na wenzao wa chuo kikuu cha Southern Denmark, mjini Odense, walionyesha kwamba finchi milia dume akizuiwa kuimba, misuli yake ya sauti hubadilika ndani ya siku chache tu, na wimbo wake pia hubadilika. Majike waliosikilizishwa nyimbo hizo walipendelea za dume aliyefanya mazoezi. Siku chache, ndugu zangu. Wagonjwa wetu wanakaa kimya miezi, tena wakati mwingine kwa ushauri wetu. Kupumzisha koo kwa muda mfupi baada ya upasuaji kuna nafasi yake, na daktari aliyekupasua ndiye wa kukuambia kwa siku ngapi. Kimya cha miezi ni jambo jingine.

Lazima niseme pia mipaka, ili mtu asitoke hapa akiwa na matumaini nisiyoweza kuyatimiza. Neva ya sirinksi ya ndege ni tawi la neva ya kumi na mbili ya kichwa; yetu inatoka kwenye ya kumi. Ndege ana vyanzo viwili vya sauti vinavyojitegemea, kwa hiyo upande mmoja ukifa mwingine unaweza kuimba peke yake. Sisi nyuzi zetu mbili zinahitajiana. Mmoja ukilala, mzima hauna wa kukutana naye. Uzi ukibaki pembeni kabisa, mazoezi pekee hayatauleta katikati. Hapo upo msaada wa daktari: sindano ya kuujaza uzi uliolala ili usogee, au upasuaji wa kuusukuma katikati kupitia gegedu la shingo, njia aliyoianzisha Nobuhiko Isshiki wa Japani mwaka 1974, au kuunganisha neva nyingine ya shingo ili ilishe misuli ile. Wanakwaya wajue pia kwamba lipo tawi jingine, la juu, linalokaza nyuzi kwa ajili ya noti za juu. Likiumia, mtu anazungumza kama kawaida, ila sauti ya kwanza haipandi tena.

Kuhusu ndege wenyewe, naulizwa kama ni haki kuwaumiza. Swali hilo halinitoki akilini. Leo majaribio hayo hufanywa kwa dawa ya usingizi, kwa idadi ndogo, chini ya kamati za maadili, na bado ni ndege hai wanaopoteza kitu. Naona ni haki pale tu elimu iliyopatikana inapomfikia mgonjwa. Ikibaki kwenye majarida, hatujawatendea haki ndege wala wagonjwa.

Ndiyo maana nina maombi kwenu, nayo ni ya kutendeka. Madaktari na wauguzi, kabla ya upasuaji wa goita, mgonjwa aangaliwe nyuzi za sauti, na arekodiwe kwa simu akihesabu hadi ishirini na akisoma aya moja. Haigharimu kitu. Baada ya upasuaji aangaliwe tena, na sauti ikiwa imebadilika aletwe kwa mtaalamu wa sauti mapema, asingoje mwaka uishe. Walimu na wahubiri, sauti ikikauka zaidi ya wiki 3 au 4, hata kama hamjapasuliwa, nendeni mkaangaliwe koo, kwa sababu wakati mwingine neva hiyo inatupa habari za kilichoko kifuani. Na ninyi jamaa, msimsemee mgonjwa. Mkimsemea kila mahali, dukani, kanisani, msikitini, kwenye simu, mnamnyima yale majaribio mamia kwa siku ambayo ndege anayapata bure.

Sasa tuingie kwenye maswali. Naomba tuanze na wale wanaozungumza kwa taabu. Kipaza sauti kitawafuata mlipoketi, na hatuna haraka.